Maji yanapochemka, ni nini kinachokatika?

Nianze na hilo swali. Nasikia mmoja kule nyuma anasema, "Bondi kati ya atomu za haidrojeni na oksijeni." Wengi hujibu hivyo, nami niliwahi kujibu hivyo, lakini sivyo. Ingekuwa hivyo, sufuria ingetoa mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni juu ya moto, na mnajua ambacho kingefuata. Mvuke ni maji yale yale. Kilichokatika ni mshiko wa molekuli na jirani yake. Bondi za ndani ya molekuli hazijaguswa.

Shikeni tofauti hiyo, la sivyo mtabaki kukariri tu.

Chukueni kaboni na silikoni, elementi za kundi moja. Zote mbili huungana na oksijeni kwa bondi kovalenti, yaani atomu hushirikiana elektroni. Mbona basi dioksidi ya kaboni ni gesi, ilhali dioksidi ya silikoni ndiyo mchanga, unaoyeyuka kwenye nyuzijoto 1,700 hivi za Selsiasi? Msiniambie bondi za gesi ile ni dhaifu. Ni imara mno! Ila kaboni ikishapata oksijeni zake mbili imemaliza: molekuli imetimia, na jirani haimhusu sana. Silikoni hushika oksijeni nne, kila oksijeni hushika silikoni nyingine, na mtandao huo huenea punje nzima. Humo hamna molekuli za kuachanishwa. Ukitaka kuiyeyusha punje, huna budi kuzivunja bondi zenyewe.

Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801, kwa sababu ioni zake, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zikiwa na chaji tofauti huvutana pande zote. Lakini igonge kwa nyundo: safu zikiteleza kidogo tu, chaji za aina moja hukabiliana, husukumana, na fuwele hupasuka. Shaba ingebonyea tu, kwani elektroni zake zinazozunguka huru huendelea kuzishikilia atomu hata zikihama.

Turudi kwenye maji. Salfidi ya haidrojeni, ile gesi inayonuka yai viza, ina molekuli nzito kuliko ya maji, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji husubiri hadi 100, kwa sababu ya kinachoitwa bondi za haidrojeni: si zile za ndani ya molekuli, bali mvutano baina ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya jirani yake. Yakiganda, bondi hizo hizo huzipanga molekuli kwa kuachiana nafasi, na ndiyo maana barafu huelea.