Wanakiogopa, Lakini Wanakiamini

KIPRONO: Karibuni tena, tuko hapa Nakuru. Leo hatuna mgeni. Dada yangu Nekesa anazungumza habari zake mwenyewe. Uko tayari, dada?

NEKESA: Niko tayari, ingawa viganja vinatoka jasho. Wengi mnajua mimi huanguka. Mlidhani ni kifafa. Hata mimi nilimeza dawa za kifafa miaka miwili. Zilinilegeza tu, kuanguka kukabaki palepale.

KIPRONO: Kumbe si kifafa.

NEKESA: Sicho. Kifafa ni umeme wa ubongo kuvurugika ghafla. Mimi nilibandikwa nyaya kichwani, kamera ikinirekodi, nikaanguka zikiwa bado ziko. Umeme ulikuwa shwari kabisa. Kwa lugha ya hospitali tuite mitukutiko ya kiutendaji: ubongo hauna kidonda, ila namna unavyouendesha mwili inakatika kwa muda. Mtu hajiamulii.

KIPRONO: Mimi ningeshangilia majibu hayo.

NEKESA: Nililia, kaka. Aliyenisomea alisema, "Huna kitu." Huna kitu, na goti langu bado lina bandeji! Usiku ule sikulala. Nilijiuliza, je, ninajifanya? Hilo la kujishuku mwenyewe linaniuma kuliko kuanguka. Kifafa watu wanakiogopa, lakini wanakiamini.

KIPRONO: Hebu rudia.

NEKESA: Wanakiogopa, lakini wanakiamini. Mimi niliombewa nitolewe mapepo mara tatu. Nilipoanguka tena, ikawa sina imani.

KIPRONO: Pole sana, dada. Na ukiwa chini, unasikia?

NEKESA: Si wote husikia. Mimi mara nyingine husikia. Siku moja nilianguka steji ya matatu. Macho yamefumba, nayalazimisha yafunguke, hayataki. Mtu anasema, "Huyu anatafuta pesa." Mwingine anaitisha kijiko anitie mdomoni. Jamani, msimtie mtu kitu chochote mdomoni, awe na kifafa au hali yangu, wala msimkandamize. Ondoeni vitu vigumu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mwongeleshe polepole. Ikipita dakika tano, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, tafuteni gari la hospitali.

KIPRONO: Kuna mtu alikusaidia?

NEKESA: Mama mmoja muuza sukuma. Sketi yangu ilikuwa imepanda. Nilihisi upepo umekatika mapajani, kumbe amenifunika leso yake. Hakuuliza swali hata moja.

KIPRONO: Siku hizi unapata matibabu gani?

NEKESA: Ya mazungumzo, na mwanasaikolojia. Nimejifunza dalili zangu: vidole vinakufa ganzi, sauti za watu zinaenda mbali. Hapo hukanyaga chini kwa nguvu na kutaja vitu ninavyoviona, kikombe, dirisha, kuku. Wakati mwingine huzuia, wakati mwingine naanguka vilevile. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2020, watu 368 wenye hali kama yangu. Baada ya mwaka, waliopata tiba ya mazungumzo hawakuwa na tofauti kubwa na wenzao wasioipata kwa idadi ya kuanguka, lakini kuanguka kwenyewe hakukuwasumbua kama wenzao. Niliposoma hilo nilijiona mle ndani. Nimeacha kuhesabu.

KIPRONO: Na ile leso?

NEKESA: Niliifua, nikaipiga pasi, nikampelekea. Akakataa kuipokea. Akaendelea kukatakata sukuma yake, kisha akaniuliza kama nimekula.