Ulimi Ulio Wazi, Lifti Iliyofichwa

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma kana kwamba natoa mtihani: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie maonyesho ya samani, nami nimechagua ya Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina, Marekani. Tangu 1988, kila Februari, wapenzi wa mtindo wa Arts and Crafts, yaani sanaa na ufundi, hukutana pale kwenye hoteli ya Grove Park Inn. Mwanzilishi wa maonyesho hayo ni Bruce Johnson. Kuna mihadhara, kuna wauzaji wa samani kuukuu, na kuna mafundi wa leo wanaouza kazi za mikono yao.

Hoteli yenyewe ina mambo. Mwenyewe, Edwin Wiley Grove, alitajirika kwa dawa ya malaria: kwinini iliyotengenezwa ili uchungu wake usisikike mdomoni. Sisi tuliokunywa klorokwini utotoni hatuna haja ya kuuliza kwa nini iliuzika! Hoteli ilifunguliwa 1913. Kuta zake ni mawe makubwa ya itale yaliyotolewa mlimani hapo hapo, yakapangwa yalivyo, upande uliopigwa mvua na jua ukitazama nje. Taa za shaba zilitoka karakana ya Roycroft, jimbo la New York. Na ukumbini kuna meko mawili ya mawe, makubwa ajabu. Sasa sikilizeni: lifti za hoteli zimefichwa ndani ya mabomba ya moshi ya meko hayo.

Nawaambia hivyo kwa sababu imani kuu ya mtindo huu ni kutoficha kitu. Chimbuko lake ni Uingereza, kwa watu kama mbunifu na mwandishi William Morris, waliochoshwa na bidhaa za viwandani zilizorembwa juu na kuoza ndani. Jina lilitokana na chama kilichofanya maonyesho yake ya kwanza London mwaka 1888. Walichodai ni kwamba kiti kionyeshe kilivyoundwa. Ulimi wa ubao, yaani ncha iliyochongwa ili iingie kwenye ubao mwingine, upenye tundu, utokeze upande wa pili, upigwe kabari, na kila mtu auone.

Marekani aliyeshika bendera hiyo ni Gustav Stickley, karibu na mji wa Syracuse. Alipenda mwaloni uliopasuliwa kwa robo: gogo linagawanywa mara nne, kisha mbao zinakatwa kuelekea kwenye kiini. Ukipasua hivyo unapata michirizi inayong'aa, mizuri kweli. Rangi nayo hawakuipaka tu. Samani ilifungiwa kwenye chumba kisichopitisha hewa pamoja na amonia, mvuke ukakutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mwaloni, mti ukageuka kahawia wenyewe.

Tatizo likaja kwenye mguu wa meza. Nguzo ya mti mmoja huonyesha michirizi ile pande mbili tu. Pande mbili zinazobaki ni kavu, hazina mvuto. Wadogo zake Gustav, Leopold na John George, waliokuwa na kiwanda chao, wakaunganisha vipande vinne kwa gundi ili kila upande uwe na michirizi. Je, huo ni udanganyifu? Kuna watakaosema ndiyo. Mimi nasema hapana: ile ni kazi ngumu kuliko kuchonga nguzo moja, na mguu haupungui nguvu. Hata lifti nimeisamehe, maana haijidai kuwa kitu kingine.

Nisichosamehe ni ulimi wa bandia. Mtindo ulipopata soko, viwanda vingine vilibandika kipande cha mti juu ya mguu, kikaonekana kama ulimi uliopenya, kumbe ndani kuna vijiti na gundi. Hapo ndipo kinachodaiwa kuwa uwazi kimekuwa pambo la uongo.

Upande wa fedha nao una kejeli yake. Gustav alitaka samani nzuri kwa familia za kawaida, hata akachapisha michoro ili watu wajiundie nyumbani. Mwaka 1915 alifilisika. Mwaka 1988, mwaka ule ule maonyesho ya Asheville yalipoanza, mwimbaji na mwigizaji Barbra Streisand alinunua kabati la vyombo lililokuwa nyumbani kwa Gustav kwa dola 363,000. Familia ya kawaida ipi hiyo?

Kwa hiyo mkienda maonyesho yoyote ya samani, msiridhike na vanishi. Pigeni magoti mtazame uvunguni. Kagueni ncha ya ulimi: ulimi wa kweli unaonyesha kichwa cha ubao, zile duara na vitundu vya mti uliokatwa kukingama. Ukiona nyuzi zimelala, mwulize muuzaji vizuri, kwa adabu, kabla hujatoa pesa.

Nimeleta viungo viwili vya mbao, kimoja cha kweli na kimoja cha kubandika. Naomba vizungushwe, kila mtu avishike, halafu wanafunzi wa nyuma waanze kuuliza.