Mkuu wa TEHAMA na Neno "Tutajitahidi"

Shikamooni wakubwa zangu mliokaa mbele. Na nyie vijana mliosimama mlangoni, viti vipo huku upande wa dirisha, msiogope.

Nimeombwa nizungumzie safari ya mtu anayetaka kuwa mkuu wa TEHAMA katika kampuni, na uongozi wake akishafika. Nianze na maneno ambayo kila mmoja humu ameshaambiwa, dirishani benki, kwa wakala, au hospitali akisubiri kulipa: "Mtandao unasumbua, subiri kidogo." Mnacheka. Kwa mteja maneno hayo hayana mwenyewe. Mtandao ni kama mvua, ukikatika umekatika. Lakini huko ghorofani yupo mtu mmoja ambaye maneno hayo ni mzigo wake, ataulizwa kabla hajanywa chai. Mimi nilikuwa mtu huyo kwa miaka tisa, katika benki ambayo sitaitaja.

Cheo chenyewe si cha zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 William Synnott, aliyekuwa First National Bank of Boston kule Marekani, ni mmoja wa waliosimama wakasema kwamba kama fedha za kampuni zina mkuu wake, basi na habari zake ziwe na mkuu wake, anayekaa na wakubwa wenzake mezani. Kabla ya hapo alikuwepo meneja wa kompyuta, chini kabisa ya jengo, karibu na mitambo na viyoyozi. Hapa kwetu tafsiri bado inatangatanga. Wengine huandika mkurugenzi wa TEHAMA, wengine mkuu wa mifumo, wengine ofisa mkuu wa habari. Hilo la mwisho liliniponza. Mara mbili waandishi wa habari walinipigia simu wakitaka taarifa ya gawio, wakidhani mimi ndiye msemaji wa benki.

Sasa, njia. Vijana wengi huniuliza nisome cheti gani. Cheti soma, sikukatazi. Lakini angalieni waliopita. Kevin Turner alianza Walmart, maduka makubwa ya Marekani, mwaka 1985 akiwa keshia. Akafika kuwa mkuu wa TEHAMA wa kampuni nzima, akapewa kuongoza Sam's Club, tawi la maduka yake ya jumla, na mwaka 2005 Microsoft wakamchukua awe mkuu wa uendeshaji. Philip Clarke alianza kibarua Tesco, maduka ya Uingereza, mwaka 1974 akiwa bado mwanafunzi, akawa mkurugenzi mwenye dhamana ya TEHAMA na ugavi, na mwaka 2011 akakalia kiti cha mkurugenzi mtendaji. David Bernauer wa Walgreens alikuwa mfamasia kabla hajakabidhiwa mifumo ya maduka yale ya dawa, na mwaka 2002 akawa mkurugenzi mtendaji. Hao watatu walilijua duka kabla hawajaijua seva. Walijua foleni inaanzia wapi, na mteja hukasirika dakika ya ngapi.

Mimi mwenyewe nilianzia dirishani, nikihesabu noti. Siku mashine mpya zilipoletwa, nilikuwa peke yangu tawini niliyesoma kitabu chake cha maelekezo hadi mwisho. Ndiyo elimu yangu ya kwanza ya TEHAMA, na mshahara haukupanda hata shilingi.

Ila msije mkaondoka hapa mkisema basi, dawa ni kutokea dukani. Beth Jacob naye alitokea huko huko. Alianza Target, maduka mengine ya Marekani, mwaka 1984 akiwa msaidizi katika idara ya manunuzi, akapanda, na mwaka 2008 akawa mkuu wa TEHAMA. Mwishoni mwa mwaka 2013 wadukuzi waliingia kwa kupitia nywila za kampuni ya mafundi wa majokofu na viyoyozi iliyokuwa ikihudumia Target. Wakaondoka na taarifa za kadi milioni 40. Machi 2014 Jacob alijiuzulu, na Mei mkurugenzi mtendaji naye akaondoka. Wakati wa tukio, kampuni ile kubwa haikuwa na ofisa mkuu wa usalama wa mifumo. Wa kwanza aliajiriwa baadaye, 2014. Kulijua duka hukufikisha kwenye kiti. Kubaki kwenye kiti ni habari nyingine, na hiyo ndiyo iliyonileta hapa leo.

Mwaka wangu wa pili, benki yetu iliamua kubadilisha mfumo mkuu, ule unaobeba akaunti zote. Tarehe ilishapangwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwenyekiti alikwisha kuitangaza. Kikaoni mkurugenzi mtendaji akaniuliza mbele ya bodi, "Mama, tutakuwa tayari?" Nilijua kabisa kwamba majaribio ya mafaili ya mishahara hayajakwisha. Karatasi ilikuwa mkobani kwangu. Nikajibu, "Tutajitahidi."

Mnalifahamu neno hilo. Ni neno la adabu, halikubali wala halikatai. Mkubwa hulisikia kama ndiyo, na aliyelisema hulitunza kama hapana ya akiba, ili mambo yakiharibika aseme mimi sikuahidi. Jumatatu walimu wa wilaya mbili walifika kwenye matawi yetu na mishahara haionekani. Ilikuwepo, ila kwenye mfumo wa zamani tuliokwisha kuuzima. Tulihangaika siku tano. Mwalimu mmoja, mtu mzima, aliniambia bila kupandisha sauti kwamba amekopa nauli ya kuja kuulizia pesa yake. Angenigombeza ningepata nafuu.

Kwa hiyo niliposoma habari za benki ya TSB ya Uingereza, sikuzisoma kama za watu wengine. TSB ilikuwa sehemu ya Lloyds. Ilipotenganishwa iliendelea kutumia mfumo wa Lloyds kwa kukodi, kama mtoto aliyeoa akabaki kwenye chumba cha uani. Mwaka 2015 ikanunuliwa na Sabadell ya Hispania, na mnunuzi akataka ihamie kwenye mfumo wake. Kwanza walisema Novemba 2017. Wakaona haiwezekani, wakaahirisha. Na hapa ndipo uchunguzi wa baadaye ulipogusa kidonda. Walipopanga upya, walichukua tarehe ya mwisho kwanza, kisha wakarudi nyuma kuzipachika kazi ndani yake. Fundi cherehani akikata kitambaa kabla ya kukupima, mnajua suti inavyokuja.

Wikiendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018 walihamisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, wateja zaidi ya milioni 5. Data zilifika salama, jambo ambalo watu hulisahau. Kilichoanguka ni mfumo mpya wenyewe pale wateja walipoanza kuingia kwa wingi. Kulikuwa na vituo viwili vya data, vilivyotakiwa kufanana kama pacha na kufanya kazi pamoja. Majaribio ya kubeba uzito wa wateja yalifanyika kwenye kimoja tu. Watu wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mambo hayakutulia kabisa hadi Desemba, na malalamiko yalizidi 225,000. Mkurugenzi mtendaji aliondoka Septemba. Mwaka 2022 benki ilitozwa faini ya paundi milioni 48.65.

Aprili 2023 ikaja faini nyingine, na hii ilimfuata mtu, si benki. Msimamizi wa mabenki aliye ndani ya Benki Kuu ya Uingereza alimtoza aliyekuwa mkuu wa TEHAMA, Carlos Abarca, paundi 81,620, alipe yeye mwenyewe. Hakutuhumiwa kuiba. Kosa lilikuwa kwamba hakuchukua hatua za kutosha kuhakikisha mkandarasi wa mfumo huo mpya anasimamiwa ipasavyo. Mkandarasi alikuwa kampuni dada ndani ya kundi hilo hilo la Sabadell, na yeye alitegemea watoa huduma wengine 85 nyuma yake. Kabla ya kuwasha mfumo, mkandarasi alitakiwa athibitishe kwamba yuko tayari. Barua ikaja. Ukiisoma vizuri, mengi yaliyokuwemo yalikuwa makusudio ya mbele, tutafanya hivi, tunatarajia vile, na si taarifa ya kilichokwisha kufanyika na kupimwa. Barua ile ilikuwa "tutajitahidi" iliyovaa suti na tai. Ikapokelewa kama ndiyo.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Sisi tunaoendesha mifumo Afrika Mashariki ni wapangaji wa mifumo ya watu. Hata M-Pesa yenyewe, iliyoanza Kenya Machi 2007 na ambayo tunajivunia wote, mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Si dhambi. Lakini seva ikiwa Ulaya, programu ikiwa imeandikwa India na fundi wa usiku anaongea kutoka nchi usiyoifahamu, wakala wa Kariakoo hatamlaumu hata mmoja wao. Nawe huwezi kumpelekea sehemu ya lawama mtu ambaye hukuwahi kumuuliza swali. Uliza: hiki kimejaribiwa? Lini? Nani alikuwepo? Nionyeshe matokeo. Ukijibiwa "tunatarajia", rudisha barua. Na tangu Kenya itunge sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, maswali hayo yatakufuata hadi kwa wanasheria. Hilo nawaachia wenyewe, wanalijua kuliko mimi.

Yupo mtu mmoja ambaye kidogo ni wa kwetu. Vivek Kundra alizaliwa New Delhi, akaletwa Tanzania akiwa mdogo sana kwa sababu baba yake alikuja kufundisha. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kwanza. Familia ilihamia Marekani yeye akiwa na miaka 11. Mwaka 2009 Rais Obama akamteua kuwa mkuu wa kwanza wa TEHAMA wa serikali nzima ya shirikisho. Serikali si kampuni, najua, lakini alifanya jambo ambalo kampuni nyingi haziwezi. Juni mwaka huo alifungua tovuti iliyoonyesha miradi ya TEHAMA ya serikali, upi unakwenda na upi umekwama. Na pembeni ya mradi akaweka picha ya mkuu wa TEHAMA anayehusika. Sura yako, na rangi nyekundu kando yake! Mwezi uliofuata, Wizara ya Maveterani, yaani askari wa zamani, ilisimamisha kwa muda miradi 45 ili ikaguliwe.

Nimewaza sana kuhusu ile 45. Kila mmoja ulikuwa na meneja anayejua, nadhani, kwamba mambo hayaendi. Kila mmoja alikuwa akisema "tutajitahidi" kwa Kiingereza chake. Ilibidi aje mtu awashe taa. Kundra aliondoka Agosti 2011, na mwaka uliofuata akaingia Salesforce, upande wa pili wa meza, wale wanaouza mifumo. Njia za kazi hii ndivyo zilivyo, hazinyooki.

Kwa vijana, mawili tu. Ombeni kupelekwa tawini, ghalani, kituo cha simu, popote mteja anapofokea watu, mkae miezi sita. Mtaonekana mmeshushwa cheo, vumilieni. Na siku ya usaili wa nafasi ya juu, kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni mtaripoti kwa nani. Ukiambiwa utaripoti kwa mkuu wa fedha, naye atakupelekea bodini majibu yako kwa niaba yako, jua ukisema "bado hatuko tayari", hiyo "bado" yako itafika kule imeshageuzwa. Mimi niliripoti hivyo kwa miaka miwili. Nilisoma kwenye mihtasari ya vikao mambo niliyosemeshwa na sikuyasema.

Naona mkono. Haya kijana, sema.

Anauliza: ukisema "bado", si watamtafuta mwingine atakayesema ndiyo?

Watamtafuta, mwanangu. Baada ya wale walimu, nilisema "bado" mara tatu. Mara mbili walinisikiliza, wakanuna, tukaahirisha. Mara ya tatu nikahamishiwa "mradi maalumu". Wanaofanya kazi ofisini wameshaelewa: ofisi nzuri, dirisha zuri, simu hailii. Mfumo ukawashwa bila mimi. Na niwaambie kweli, ulifanya kazi. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka leo haujaanguka. Waliniona mwoga, na sina cha kuwaonyesha cha kunitetea zaidi ya karatasi ya majaribio yenye safu nne tupu, ambayo bado iko nyumbani kwangu kabatini. Mume wangu huniuliza kwa nini siitupi.

Mama mwenye kitenge cha bluu, umenyoosha mkono muda mrefu. Mpeni maikrofoni.