Ruzuku ya Miaka Mitatu, Kazi ya Miaka Ishirini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze jinsi serikali ya Marekani inavyogharimia utafiti wa muunganiko wa nyuklia na fizikia ya msongamano mkubwa wa nishati. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, kwamba fedha huisha kabla ya kazi, na nitalisema tena kwa sababu halijarekebishwa. Jinsi jua linavyowaka, kwa viini vya atomi kuungana na kuachia nishati, sitaeleza, mnajua. Leo nataka tuzungumze kuhusu kalenda.

Mtafiti wa chuo kikuu huandika andiko, akalipeleka Wizara ya Nishati, likasomwa na wanasayansi wenzake, na akibahatika hupewa ruzuku ya miaka mitatu. Milango mikubwa ni miwili. Mmoja ni Ofisi ya Sayansi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na kitengo cha sayansi ya nishati ya muunganiko. Wa pili ni NNSA, mamlaka inayotunza silaha za nyuklia. Fizikia yetu, yaani elimu ya maada iliyobanwa kwa kanieneo inayozidi ya angahewa mara milioni moja, imekaa katikati ya milango hiyo miwili. Kuna miaka ambayo ukibisha huku unaambiwa mwenye nyumba yuko kule.

Sasa hesabuni nami. Ruzuku imetoka. Mwanafunzi wa uzamivu utampata muhula unapoanza, na muhula haungoji barua yako. Mwaka wa kwanza anasoma madarasani. Mwaka wa pili anajifunza kupima: jinsi ya kunasa eksirei za plazima, yaani gesi ya moto mno ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, inayoishi kwa sehemu ya bilioni ya sekunde, jinsi ya kujua kwamba alama aliyoiona kwenye picha ni ya plazima na si kasoro ya kamera. Halafu anaomba zamu kwenye leza kubwa ya kubania maada hiyo. OMEGA, leza ya Chuo Kikuu cha Rochester, New York, ina miale 60 na inafanya kazi tangu 1995, na kila mtu anaitaka. Anapata siku moja ya majaribio, anarudi na data, anakuta ruzuku imebakiza miezi na profesa wake amejifungia anaandika andiko jingine. Shahada hiyo kwa kawaida huchukua miaka mitano au sita. Nani aliamua kwamba fedha zake ziwe za mitatu?

Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Jina lake nalihifadhi. Mwaka wake wa nne, andiko letu la kuendeleza kazi likakataliwa. Barua ilisema kazi ni nzuri, fedha hazitoshi. Nilimtafutia pa kujishikiza miezi mitano, nikaishiwa. Akaenda kuandika programu za benki. Mwaka uliofuata ruzuku ikapatikana, nikampigia simu. Alinijibu kwa heshima kwamba ana mtoto sasa na hawezi kurudi kwenye mambo ya kubahatisha. Sikuwa na la kumwambia. Kile alichokijua kuhusu kupanga kipimo chetu cha eksirei hakikuwa kimeandikwa popote, kilikuwa mikononi mwake. Ilinichukua miaka miwili kumfikisha mwingine hapo alipoachia yeye.

Mtasema hayo ni ya mtu mmoja na profesa mmoja. Haya, tuchukue jambo kubwa. Mnajua ninakoelekea: Livermore, California, Februari 1986.

Pale katika maabara ya Lawrence Livermore walijenga mashine iliyoitwa MFTF-B. Fikirini mrija mkubwa wa plazima, ulio wazi pande zote mbili, na kila mwisho kuna sumaku kali mno zinazorudisha chembe ndani kila zinapotaka kutoroka. Ndiyo maana mbinu hiyo huitwa kioo cha sumaku. Nyaya za sumaku hizo zilipozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi zipitishe umeme bila ukinzani. Watu walianza kazi hiyo miaka ya 1970. Kulikuwa na wachomeleaji, wahandisi wa baridi kali, wanahesabu, vijana walioingia wakiwa wanafunzi na kufikia kuongoza idara. Gharama ilifika dola milioni 372, kwa thamani ya fedha za wakati ule. Sumaku zikajaribiwa, zikafanya kazi. Mwezi huo wa Februari mashine ikatangazwa kuwa imekamilika.

Ikafungwa hapo hapo. Haikuwahi kufanya jaribio hata moja la muunganiko. Bajeti ilikuwa imekatwa, na wizara ikaamua kwamba kidogo kilichobaki kiende kwenye tokamaki, mashine zinazozungusha plazima ndani ya sumaku zenye umbo la pete. Baadaye ikavunjwavunjwa.

Nimewahi kujibiwa, na kwa haki, kwamba serikali lazima ichague, na tokamaki wakati ule zilikuwa na matokeo bora. Sikatai. Plazima ya vioo vya sumaku ilikuwa inavuja nishati kwenye ncha, na hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba MFTF-B ingeziba uvujaji huo. Lakini hilo ndilo swali mashine ilijengwa ili kulijibu! Kuiendesha mwaka mmoja kungegharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kuijenga. Ukichimba kisima hadi ukasikia unyevu wa maji, hukifukii kwa sababu umekosa fedha za kamba. Na kama jibu lingekuwa "hapana, mbinu hii haifai", hilo nalo ni jibu tulilokuwa tumeshalilipia.

Sikilizeni na kilichofuata. Julai 2024, Chuo Kikuu cha Wisconsin kiliwasha kwa mara ya kwanza mashine ndogo iitwayo WHAM. Ni kioo cha sumaku. Wazo limerudi, kwa sababu sumaku za kisasa zina nguvu zaidi, na safari hii fedha za kuanzia zilitoka serikalini vilevile. Nimefurahi mno. Lakini kati ya Februari 1986 na Julai 2024 ni miaka 38. Waliozifahamu sumaku zile kwa mikono yao wengi wamestaafu, wengine wametangulia mbele ya haki. Vijana wa Wisconsin wanasoma ripoti za zamani wakijaribu kukisia mambo ambayo zamani mtu angeyauliza kwa simu.

Wala MFTF-B haikuwa ajali. Oktoba 1980 Rais Carter alitia saini sheria iliyolenga kituo cha mfano cha nishati ya muunganiko kabla ya karne kwisha, kwa mpango wa dola bilioni 20 katika miaka 20. Sheria ikapita, fedha hazikuja. Katika bajeti ya 1996 Bunge likakata fedha za muunganiko kwa takriban theluthi moja, na mwaka 1997 tokamaki kubwa ya Princeton, TFTR, ikazimwa. Ni mashine ambayo mwaka 1994 ilikuwa imetoa megawati zaidi ya 10 za nguvu ya muunganiko. Kisha watu hao hao waliokata fedha wanatuuliza kwa nini muunganiko kila siku unasemwa uko miaka 30 mbele. Jamani! Miaka hiyo 30 ilikadiriwa pamoja na fedha. Ukiondoa fedha, tarehe inabaki ikining'inia peke yake.

Hapa kuna anayetaka kunikatiza anikumbushe NIF, na namshukuru, maana NIF ni shahidi wangu. Leza ile ya Livermore yenye miale 192 ilianza kazi mwaka 2009. Ikapewa hadi 2012 iwashe kidonge cha haidrojeni chenye kipenyo cha milimita mbili hivi, ikashindwa. Magazeti yakaizika. Lakini haikufungwa. Watu wakabaki kazini wakichunguza kasoro moja baada ya nyingine: kijimrija cha kujazia haidrojeni, utando ulioshikilia kidonge, miale iliyobana upande mmoja kuliko mwingine. Agosti 2021 wakapata megajuli 1.3 za nishati. Tarehe 5 Desemba 2022 leza iliingiza megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Ni kweli kwamba leza yenyewe ilivuta megajuli zipatazo 300 kutoka kwenye umeme wa kawaida, na anayewaambia kituo cha umeme kimepatikana anawadanganya. Lakini kidonge kiliwaka. Na Aprili 2025 kingine kikatoa megajuli 8.6.

Kwa nini NIF ilivumiliwa miaka kumi baada ya kushindwa? Kwa sababu fedha zake si za nishati. Marekani iliacha kulipua mabomu ya majaribio mwaka 1992, na tangu hapo inahitaji maabara za kuelewa silaha zake bila kuzilipua. Hitaji hilo halibadiliki kila uchaguzi, kwa hiyo na fedha hazikubadilika sana. Mimi si mshabiki wa silaha, na kuna wenzangu waliokataa kugusa fedha hizo kwa sababu za dhamiri, nawaheshimu. Lakini inaniuma kwamba uvumilivu huo tuliupata kwa ajili ya mabomu, na walioomba uvumilivu huo huo kwa ajili ya umeme wakapewa miaka mitatu.

Hoja nyingine ninayojibiwa ni ile ya kampuni binafsi: kwamba sasa matajiri wamewekeza zaidi ya dola bilioni 7, serikali ijitoe. Basi tuulize wahandisi wa kampuni hizo walilelewa wapi. Kampuni kubwa kuliko zote, Commonwealth Fusion Systems, ilizaliwa mwaka 2018 na watu wa chuo cha MIT, waliokomaa kikazi kwenye tokamaki ya Alcator C-Mod kwa fedha za Wizara ya Nishati. C-Mod yenyewe ilizimwa Septemba 2016. Siku yake ya mwisho kazini iliweka rekodi ya dunia ya kanieneo ya plazima katika mashine ya aina yake, zaidi ya mara mbili ya kanieneo ya angahewa. Watu walikuwa kwenye vitufe wakijua kwamba jioni hiyo wanafunga, wakaifikisha pale. Kila ninapoisimulia siku hiyo sauti yangu hukwama, mnisamehe.

Naona muda. Haya mengine nayapitia haraka.

La kwanza: mwaka wa fedha wa serikali huanza Oktoba 1, na Bunge mara nyingi halijapitisha bajeti. Wizara huendelea kwa kiwango cha mwaka uliopita na kwa kawaida haianzishi kitu kipya. Mwanafunzi aliyeahidiwa Oktoba anaweza kungoja hadi Machi. La pili: mtandao wa LaserNetUS, ulioanzishwa 2018, unawapa watafiti zamu za leza bila malipo, na ni jambo jema sana. Lakini zamu ya leza hailipi posho ya mwanafunzi. Ruzuku inaombwa kwingine, kwa tarehe nyingine, na wapo waliopata zamu wakakosa ruzuku. La tatu: katika bajeti ya 2024 muunganiko ulipata dola milioni 790, na 240 kati ya hizo zilikwenda ITER, mradi wa kimataifa ulioko Ufaransa. Siupingi mradi huo. Nataka tu tunaposikia milioni 790 tujue vyuo havigawani milioni 790.

Na Donna Strickland nisimwache. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Rochester alipochapisha na Gérard Mourou, mwaka 1985, mbinu ya kurefusha mpigo wa leza, kuukuza, kisha kuubana tena. Ilikuwa makala yake ya kwanza ya kisayansi. Leza zenye nguvu kali kuliko zote duniani leo zinatumia mbinu hiyo, na mwaka 2018 wawili hao wakapata Nobel. Ilipofika 2017, jopo la Akademia za Sayansi za Marekani liliripoti kwamba sehemu kubwa ya leza hizo sasa ziko nje ya Marekani. Ulaya na Asia waliendelea kulipa bila kukatiza.

 Ninachoomba nimekiandika kwenye nusu ukurasa ambao katibu anawagawia: ruzuku ya vyuo iwe ya miaka mitano, andiko la kuendeleza likikataliwa, mwanafunzi aliyekwisha kuanza alipwe mwaka mmoja wa kumalizia, na anayepewa zamu kwenye leza ya serikali apewe katika barua hiyo hiyo posho ya kuitumia. Someni, mniambie wapi nimekosea. Yule dada wa safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipotaja NIF, tuanze naye.