Dhahabu ya Tabora mnadani: ikague kabla hujaweka dau

Karibuni sana. Leo tunashughulika na sarafu moja tu, ile ya tembo: Rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Andika jina lake kwenye mnada wowote wa mtandaoni zitajitokeza kibao, za kila bei, na nakala ziko tele humo.

Kwanza ujue inatoka wapi, maana historia yake ndiyo kipimo cha kwanza. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, meli za Waingereza zimeziba pwani, na sarafu kutoka Ujerumani haziingii tena. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Singida, wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, basi. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatekwa na jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia anazo kumi, zote zinang'aa, zote kutoka kwenye sanduku la marehemu babu, mpite kimyakimya.

Hatua ya kwanza: andika namba hizi kwenye karatasi, ibandike karibu na kompyuta. Uzito gramu 7.17. Upana takribani milimita 22. Dhahabu asilimia 75, yaani dhahabu safi ndani yake ni kama gramu 5.38. Sasa tafuta bei ya leo ya gramu moja ya dhahabu safi, zidisha kwa 5.38. Hiyo ndiyo bei ya kuiyeyusha tu, bado hujahesabu uadimu wake. Ukiona mtu ana kitufe cha "nunua sasa" kwa bei iliyo chini ya hapo, huna haja ya kuendelea na video hii. Sonara yeyote wa mtaani angempa zaidi.

Hatua ya pili, soma maelezo kabla ya kutazama picha. Tafuta maneno ya kujikinga: "kwa mtindo wa", "rangi ya dhahabu", "sina utaalamu wa sarafu", "nauza kama inavyoonekana". Halafu angalia kama uzito umeandikwa. Haukuandikwa? Mtumie ujumbe, muombe picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, namba zisomeke. Mimi hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Mwenye mali halali hupima kwa dakika moja, ila mwenye nakala atakujibu kwa hadithi ndefu.

Tatu, picha. Hifadhi picha ya muuzaji, ipakie kwenye utafutaji wa picha wa Google. Ikitokea kwenye orodha ya mnada wa zamani wa kampuni nyingine ya minada, na mikwaruzo ni ileile mahali palepale, basi picha imeibwa na utakacholetewa ni kitu kingine.

Kama picha ni yake, ivute karibu. Simamisha video hapa tuangalie pamoja. Upande mmoja kuna tai wa Kijerumani na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA, upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Tazama sehemu tupu, pale pasipo na mchoro. Unaona hivi vitundu vidogo kama ngozi iliyopata vipele? Hiyo ni dalili ya metali iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Sarafu halali ilipigwa kwa mhuri. Omba pia picha ya ukingo: mstari mwembamba unaozunguka katikati ni mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Na ukiona kijisehemu kimesuguliwa kikawa laini kuliko jirani zake, jiulize kilichofutwa ni nini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala za sarafu zigongwe neno COPY, na wapo wanaolisugua.

Lakini msiizidishie makosa. Hii ni kazi ya karakana ya reli wakati wa vita. Mchoro uliofifia sehemu moja peke yake haumaanishi feki. Pia nakshi iliyo chini ya maandishi upande wa tai ina aina mbili, moja ncha yake ya kulia inaishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, nyingine chini ya A. Zote ni halali, usishtuke.

Ikiwa imefungwa kwenye kasha la plastiki la PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuzithibitisha, chukua namba ya cheti ukaiingize mwenyewe kwenye tovuti yao, ulinganishe na picha zilizopo. Usibofye kiungo alichokutumia muuzaji. Makasha nayo yanaghushiwa.

Malipo yafanyike ndani ya mnada. Akikwambia tuma kwa M-Pesa nikupunguzie, ujue ukituma umetoka nje ya ulinzi wote.

Mzigo umefika. Washa kamera kabla ya kukata gundi, usizime mpaka upime. Sumaku usiitegemee: haivuti dhahabu, haivuti shaba ya njano pia, kwa hiyo inakamata feki za kijinga tu. Tumia maji. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, glasi ndogo na uzi mwembamba. Pima sarafu kavu, uandike. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi, izamishe yote, isiguse chini wala pembeni, na pasiwe na povu. Hapa mizani yangu inasoma 0.48. Gawanya: 7.17 kwa 0.48, unapata karibu 15, yaani ni nzito karibu mara 15 kuliko maji ya ujazo uleule. Dhahabu ya asilimia 75 inakaa hapohapo. Nakala ya shaba ya njano yenye umbo hilohilo, ndani ya maji ingesoma 0.48 vilevile, ila kavu ingekuwa na gramu 4 na kitu tu, na jibu lake lingekuwa kama 8.5. Rangi ya nje haibadilishi hesabu hiyo.

Ukimaliza, ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini, bila kusugua. Hakuna limau, hakuna dawa ya meno, hakuna majivu.

Namba zikikataa, usianze kugombana na muuzaji kwenye WhatsApp. Fungua malalamiko ndani ya mnada siku hiyohiyo, maana muda wake una mwisho. Ambatanisha video ya kufungua mzigo, picha za mizani kavu na majini, na bahasha yenye mihuri ya posta usiitupe. Sarafu yenyewe usirudishe mpaka mnada ukupe maelekezo kwa maandishi.