Kwa nini flopi ya Commodore 64 ilikuwa inatambaa

NEEMA: Karibuni tena jamani, leo Rashidi kaja na ile mikompyuta yake ya kizamani na nimemwambia kabisa, usituletee orodha ya mashine 10, chagua moja tuizamie.

RASHIDI: Moja ngumu dada ila nitajitahidi. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya kampuni ya Commodore, ya 1982. Watu wanaisifia gemu, wanaisifia mziki, sawa, ila muulize yeyote aliyekuwa na ile drivu ya flopi, boksi la pembeni la kusomea diski, 1541, atakwambia habari ya kusubiri. Ilikuwa inaleta kama baiti 400 kwa sekunde. Baiti Neema, sio kilobaiti! Gemu la kilobaiti 40 unakodolea skrini macho karibu dakika 2.

NEEMA: Aisee. Labda ilikuwa kifaa cha bei chee tu?

RASHIDI: Hamna, ndo kinachoniuma. Ndani ya lile boksi kulikuwa na kompyuta nzima, prosesa yake yenyewe ya 6502, memori kilobaiti 2, ROM, ile memori ya programu za kiwandani, kilobaiti 16. Akili zote hizo halafu mwendo wa konokono.

NEEMA: Sasa tatizo lilikuwa wapi?

RASHIDI: Lilianzia kwa kaka yake, VIC-20, kompyuta ya Commodore iliyoitangulia C64. Kabla ya hapo mashine zao za PET zilitumia kebo za IEEE-488, nene, za haraka, ila bei juu. Kwenye VIC-20 wakataka kebo nyembamba, biti moja inafuata nyingine. Kazi ya kusukuma biti wakampa chipu anaitwa 6522, ana rejista, kisehemu cha kushikilia biti, inayofanya hiyo kazi yenyewe, prosesa inaendelea na mambo yake. Kumbe rejista ina kasoro, mpigo wa kloki, ile ishara ya kupanga muda, ukitua wakati mbaya biti inapotea. Kuitengeneza upya hakuna muda, kwahiyo wakaamua prosesa yenyewe ifanye kwa programu, shusha waya, ngoja, soma, pandisha, ngoja tena, biti kwa biti mpaka faili liishe.

NEEMA: Lakini C64 si ilikuja na chipu mpya?

RASHIDI: Ilikuja, 6526, na rejista yake ilikuwa nzima. Mpango ulikuwa warudishe mwendo. Sasa wanachora bodi ya mwisho ya kupeleka kiwandani, zile nyaya za njia ya haraka zikaachwa.

NEEMA: Zikaachwa vipi yaani, hakuna aliyeuliza?

RASHIDI: Walipogundua mambo yalishaenda. Chipu nzima ipo pale, waya hakuna. Na bado! Chipu ya picha, VIC-II, kila baada ya mistari 8 ya skrini inaisimamisha prosesa kama maikrosekunde 40 ili ichote herufi za kuonyesha. Sasa drivu ya VIC-20, ile 1540, inatuma biti na prosesa ya C64 imesimamishwa, biti zinapita hivi hivi. Ukitaka kuitumia kwenye C64 inabidi uzime skrini kwanza.

NEEMA: Wakaifanyaje sasa?

RASHIDI: Wakabadilisha ROM ya drivu, wakaipunguza mwendo, wakaipa namba mpya. Ndo 1541 hiyo.

NEEMA: Khaa! Yaani ile yenye namba kubwa ndo ya polepole.

RASHIDI: Ndo hivyo. Ila ile prosesa ya ndani ya drivu ndo iliyowaokoa watu. Si ina memori yake? Basi vijana wakagundua unaweza kuipelekea programu yako ndogo ikakae mle kwenye kilobaiti 2, ukasahau sheria zote za kiwandani, ukatumia waya wa data na wa kloki zote mbili kubeba data, biti 2 kwa mpigo. Kampuni ya Epyx wakaiuza kwenye katriji, kile kiboksi cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, Fast Load, 1984, wanasema mara 5 ya mwendo wa kawaida. Kebo ile ile, drivu ile ile, hujafungua hata skrubu.

NEEMA: Hapo nimewapenda. Niambie na ile kelele sasa, maana nimeisikia kwenye video nikadhani mtu anagonga mlango.

RASHIDI: Haha, kichwa hicho. Kichwa ndo kinachosoma diski, na drivu haikuwa na sensa ya kujua kichwa kiko treki ya kwanza, ile duara ya mwanzo ya data. Kwahiyo ukiformati, au ikikutana na kosa la kusoma, inarudisha kichwa nyuma hatua nyingi kuliko zinazohitajika, kinafika mwisho kinajigonga kwenye chuma, tatatatata, ndo inajua imefika. Na wenye gemu walikuwa wanaweka makosa makusudi kwenye diski kuzuia kunakili, kwahiyo kila ukifungua gemu ulilonunua kihalali, kichwa kinapigwa. Siku zinaenda kinahama kidogo, diski za watu hakisomi, ila ulizoandika wewe mwenyewe kinasoma vizuri tu kwa sababu uliziandika na kichwa hicho hicho kilichohama.

NEEMA: Siku ukiipeleka kwa fundi ikanyooshwa...

RASHIDI: ...diski zako zote hazisomeki. Ee.

NEEMA: Masikini. Sasa mziki, maana najua unataka kusema SID toka tumeanza.

RASHIDI: SID! Chipu ya sauti ya C64, ya Bob Yannes, sauti 3 tu. Ile ya mwanzo, 6581, ilikuwa na hitilafu, ukibadilisha volyumu inatoa mlio mdogo, tik. Volyumu ina ngazi 16. Watu wakasema hee, nikiibadilisha maelfu ya mara kwa sekunde hizo tik zinakuwa wimbi, nina sauti ya nne, naweza kucheza ngoma zilizorekodiwa, hata mtu anaongea. Ikawa kawaida kwenye gemu. Halafu wakatoa toleo jipya, 8580, safi, kelele kidogo, na ile tik wakaitibu.

NEEMA: Na ngoma zikapotea.

RASHIDI: Zinasikika kwa mbali mno. Watu wamenunua mashine mpya, gemu lile lile, mpiga ngoma kaondoka. Mimi kwenye hili siwaelewi wanaosema 8580 ndo bora, sawa filta zake zimetulia, ila nyimbo zimetungwa kwa ile mbovu. Wengine wanasolda rezista moja kwenye pini ya kuingizia sauti ya nje ili tik irudi.

NEEMA: Msikilizaji ameipata C64 mnadani, achomeke tu umeme?

RASHIDI: Asithubutu! Adapta ya kwanza ile nzito imejazwa gundi ngumu ndani, haifunguki, na regyuleta yake, inayotuliza volti, ikifa mara nyingi volti 5 inapanda badala ya kushuka, inaondoka na chipu za memori. Apime kwa mita kwanza, au anunue adapta mpya kabisa. Na akitaka kubadilisha SID aangalie bodi, 6581 inakula volti 12, 8580 volti 9, ukiipachika 8580 kwenye bodi ya volti 12 umeiunguza, na hizo chipu hazitengenezwi tena.