Mkono wa Mchora Hina Hutulizwa Begani

Assalamu alaykum, dada zangu. Mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana leo nataka mtazame mabega yangu, msitazame mikono.

Kila anayeanza huniuliza, "Mwalimu, mbona mkono wangu unatetemeka?" Mkono wa kila mtu unatetemeka, hata wa daktari wa upasuaji: mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Ukishika kikombe huoni kitu, lakini ncha ya koni, kile kifuko cha hina tunachochorea, inauandika mtetemeko wote. Uchovu unauzidisha. Hofu pia, na kahawa pia.

Tazameni. Mkono nimeuinua hewani, kiwiko hakijagusa popote. Bega ndilo limeubeba mkono mzima, na msuli uliobeba mzigo hautulii. Sasa naweka mto mapajani, kiwiko juu yake, kidole cha mwisho nakiegemeza kwenye mkono wa bibi harusi. Mmeona koni ilivyotulia? Na akijisogeza, nasogea naye, ua haliharibiki. Tena msimwinamie. Mpeni mto wake, mkono wake uje kwenu. Kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5. Ukikiinamisha usiku kucha, shingo inakaza, bega linakaza, na mkono unafuata.

Niliwahi kumwinamia bibi harusi mpaka saa saba usiku, pumzi nimeibana. Mstari mrefu wa mguuni, karibu na kisigino, ukapinda. Niliufuta upesi kwa pamba, lakini hina ilikwisha kushika ngozi. Yule bibi harusi alilia. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Ndiyo maana nasisitiza pumzi. Ukivuta, kifua kinapanda, bega linapanda, na koni inapanda. Wengi wetu tukilijua hilo tunabana pumzi kabisa, na hapo ndipo tunapokosea: ukibana sana mwili unadai hewa, misuli inakakamaa, mtetemeko unarudi na nguvu zaidi. Wapiga shabaha hufyatua bunduki wakishatoa pumzi, katika kile kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine. Sisi mistari yetu ni mirefu kuliko kufyatua, kwa hiyo vuta pumzi koni ikiwa juu, ianze kuchora unapoitoa taratibu. Mstari ukiizidi pumzi yako, ukatie penye jani, ndipo maungio yasipoonekana.

Haya, chukueni koni. Maua bado. Kila mtu mistari 20 kwenye karatasi, na jirani yake amwangalie bega.